Majina Yafike Benchi la Mwisho

Kiplombe, Eldoret
9 Septemba 2023

Mjomba Lusweti,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana najua husomi kitu ukiwa umesimama. Sisi tu wazima. Goti la Mama limepoa tangu aache kulima, lakini ulimi wake haujapoa: anasema kaka yake alistaafu akaenda Kimilili, na njia ya Eldoret ikaota nyasi. Mimi bado nauza mbegu na dawa za ng'ombe pale dukani mjini. Mwambie Anti Benta kwamba omena yake iliisha kabla Mama hajaonja, na aliyeimaliza ndiye anayeandika haya.

Sasa nikuambie kinachonikosesha raha. Kamati ya kanisa inataka kuuza vyombo vya bendi uliyoniachia. Mzee Gerishon, mwenyekiti mpya, alisimama Jumapili mbele ya watu wote akaniuliza, "Nanyama, hii ni church ama ni stadium? Sisi wazee hatusikii maneno. Ni vyuma tu." Anataka kinanda cha umeme na spika mbili. Na watu walipiga makofi, Mjomba. Watu ambao uliwazikia wazazi wao kwa bendi hiyo hiyo walipiga makofi.

Nimewaomba mpaka nikapewa nafasi moja. Tarehe tatu Desemba kanisa linatimiza miaka hamsini. Kwaya itaimba ule wimbo wako wa shukrani, ila kwa beti mpya zinazotaja majina ya waanzilishi, nasi bendi tutawasindikiza. Majina yakisikika hadi benchi la mwisho, vyombo vinabaki. Yasiposikika, vinauzwa kabla ya Krismasi.

Nimeshauandika wimbo wako upya katika programu ya noti kwenye laptop. Inapanga kila kitu kwa mstari ulionyooka, na ukibonyeza kitufe inaupiga yenyewe. Niliona sehemu nyingi umeandika korneti f, yaani wapulize kwa nguvu, na papo hapo tromboni ukawaandikia p, yaani wapulize kwa upole. Nilidhani ni haraka zako, nikasahihisha. Sasa wote wana f pale pale. Kwa laptop unatoka mtamu ajabu. Nimekuwekea sauti yake kwenye memori kadi ndani ya bahasha, uichomeke kwenye redio ya Anti. Sikiliza uniambie.

Mpwa wako asiyetulia,
Nanyama


Kimilili
21 Septemba 2023

Mwanangu Nanyama,

Nimeketi, kwa hivyo usihofu. Huku tunaendelea. Mahindi yamekomaa lakini mvua inatunyemelea, na nguruwe wa jirani amejifunza kufungua lango letu. Anti yako amenipokonya redio. Anadai inasikika hadi kwenye kinu cha posho. Redio za siku hizi zimetengenezwa ovyo, hazina sauti, ndiyo sababu mtu anaongeza.

Karatasi zako nimezipata. Safi kama shuka la hospitali. Lakini ni nani aliyekuambia nilikosea? Nilikaa mbele ya bendi hiyo miaka ishirini na sita, mama. Korneti ukiiambia kwa nguvu, inang'aa tu. Tromboni ukiiambia kwa nguvu, ng'ombe wa Kiplombe wanakata kamba. Kwa hiyo mmoja unamwandikia f na mwenzake p, ili kwa msikilizaji wawe sawa. Najua vitabu vinasema wote waandikiwe alama moja halafu wapimane wenyewe. Waliotunga vitabu hivyo walikuwa na wapigaji wa mshahara. Wewe una fundi bomba, mwalimu wa nasari na mchoma mahindi, nao wakiona f hawampimi mtu.

Rudisha alama zangu kama zilivyokuwa. Mwambie dada yangu njia haijaota nyasi, ni miguu yangu imeota.

Mjomba wako,
Lusweti


Kiplombe
5 Oktoba 2023

Mjomba,

Salamu kwenu nyote, na kwa huyo nguruwe pia, maana ana akili kuliko kamati yetu. Mama anasema miguu ikiota nyasi huchomwa. Mimi sijambo kwa mwili.

Nisikufiche, mambo yameharibika. Barua yako ilifika baada ya zoezi letu la kwanza ndani ya kanisa. Tulipiga kwa alama nilizosahihisha mimi. Kwa laptop tromboni zilikuwa na upole kama wa watoto wa Sunday School. Chini ya yale mabati zilifumuka, kwaya ikawa inafungua na kufunga vinywa bure. Mzee Gerishon alikuwa amepita kuchukua viti. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia neno moja tu. Bwana. Na hilo ni kwa sababu mliimba mkiwa mmepumzika kupuliza."

Nilirudisha alama zako zote. Bado! Yule Isaiah mchoma mahindi, aliyechukua tromboni ya kwanza, nikamwambia, "Isaiah, hapo ni p." Akaniangalia kwa masikitiko: "Madam, hiyo ndiyo p yangu. Nikipunguza tena itabaki tu pumzi." Ndipo nilipokumbuka kwamba alama zile uliziandika wakati tromboni ilikuwa mikononi mwa marehemu Kituyi, ambaye alipuliza kama mtu anayeomba ruhusa. Isaiah haombi mtu ruhusa.

Tena kuna hili. Hukusema hata neno moja kuhusu ile sauti ya memori kadi. Nilikupigia simu Jumapili, ukaishika. Nilikuuliza kama utakuja kutusikiliza, ukanijibu kwamba mahindi yameingia ukungu. Nikauliza tena, ukaniambia nimsalimie Mama, ukakata. Ni nini?

Mimi nasimama mbele ya tromboni, masikio yangu yanajaa, siwezi kupima chochote. Nahitaji mtu akae nyuma anisikilizie. Njoo, hata siku moja.

Nanyama


Kimilili
14 Oktoba 2023

Nanyama,

Nimefurahi kusikia goti la dada yangu limepoa. Huku Anti yako amekuwa na mafua, sasa amepona na amerudi kwenye ukali wake. Tumevuna nusu ya shamba. Nusu nyingine imelala chini na mvua haitaki kutupa siku mbili za jua. Kwa hiyo kuja siwezi. Usipige simu, mtandao wa huku umeharibiwa na mvua. Andika.

Kuhusu Isaiah: futa alama zangu. Nilizomwandikia Kituyi zimezikwa naye. Andika za Isaiah. Mwandikie p mbili, na chini yake andika jina lake, aone kwamba unamsema yeye. Kisha mpigaji wa tromboni asielekeze kinywa cha chombo kwa watu. Akishushe kwenye stendi ya karatasi, karibu kabisa na kitambaa. Utundike blanketi kwenye stendi, blanketi zito, si leso. Zile tromboni mbili zigeuke kidogo kuelekea ukuta wa upande wa vestri, chumba cha majoho. Mabati usiyalaumu, mabati hurudisha ulichoyapa.

Na usiiamini laptop. Hiyo mashine haina mapafu, haina hasira za nyumbani, wala haijawahi kupita mbele ya msichana ikiwa imebeba tromboni. Inajua noti ziko wapi, haijui zina uzito gani. Bridgit wa korneti naye umwambie asiogope noti ya juu, aiendee mapema.

Lusweti


Kiplombe
24 Oktoba 2023

Mjomba,

Poleni kwa mahindi. Hapa nako Uasin Gishu nzima inalia, wakulima wanakuja dukani kuuliza dawa ya ukungu na sina cha kuwaambia. Mama anampa Anti pole ya mafua.

Blanketi limesaidia. Isaiah amenuna lakini anapuliza ndani ya blanketi. Shida ni kwamba sijui limesaidia kiasi gani. Nikimweka mtu benchi la mwisho asikilize, ananiambia "Iko sawa." Nilimweka mama wa kwaya: "Iko sawa kabisa, Madam." Nilimweka Bridgit, akanyoosha dole gumba tangu nilipoinua mkono, kabla hatujapuliza noti. Wananionea huruma, Mjomba. Huruma haitaniokoa tarehe tatu. Wewe peke yako hujawahi kuniambia kitu changu kiko sawa. Nilikuchukia kwa hilo nikiwa mdogo, na sasa ndilo ninalolililia.

Nimeuliza huko kwenu kwa mtu wetu wa mbegu. Mavuno yako yameisha wiki iliyopita. Simu ya jirani yako inaita vizuri. Kwa hivyo usiniambie mahindi, wala usiniambie mtandao. Kama umetuchoka, sema umetuchoka, nami nitawaambia watoto wa bendi kwamba aliyewafundisha hataki kujua kama wanauzwa.

Nanyama


Kiplombe
8 Novemba 2023

Mjomba,

Wiki mbili bila neno. Huenda nilikukosea heshima, na kama ni hivyo, nihesabie ni mtoto wa dada yako. Mama amesoma nakala ya ile barua na akaniambia ningekuwa mdogo angenitafutia kiboko.

Gerishon ameshaleta mtu wa kuangalia vyombo. Alipindua korneti ya Bridgit kama anayenunua kuku. Bridgit alienda nje akalia.

Siombi radhi kwa kukuita. Bado nakuita.

Nanyama


Kimilili
19 Novemba 2023

Mwanangu,

Tuko salama, na salamu zako za ukali nimezipata zote mbili. Anti yako alizisoma kwa sauti kubwa, akanitazama, akaenda jikoni. Kwetu mjomba akiitwa mara ya tatu na asiende, hana haki tena ya kula kuku wa nyumba hiyo. Nitakuja.

Lakini nitakuja kwa masharti yangu. Sitakuja kwa mazoezi, nitakuja siku yenyewe. Nikifika usinichoshe kwa mazungumzo mbele ya watu. Sitakaa nyuma. Nitakaa lile benchi la wageni la mbele, la upande, linalotazama watu. Unipe karatasi ya noti yenye maneno chini, kila jina la mwanzilishi ulipigie mstari. Nikishusha mkono, punguza tromboni papo hapo, usinibishie. Nikiinua, waachie.

Najua utauliza kwa nini mtu wa kusikiliza akae mbele. Usiulize. Fanya ninavyosema, kama ulivyofanya ulipokuwa na meno ya utoto.

Na nijulishe jamaa ya kila mwanzilishi itakaa wapi.

Lusweti


Kiplombe
6 Desemba 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama, na kuku alifika akiwa hai. Mama hajaacha kuimba tangu Jumapili, majirani wanaomba goti lirudi. Sote tunawasalimu.

Vyombo vinabaki! Kamati ilikaa jana. Mzee Gerishon alisema mwenyewe, na katibu akaandika. Kinanda kitangoja.

Nikusimulie kama vile hukuwepo, maana ulitoroka kabla ya chai na sikupata kukushika mkono. Ubeti wa kwanza nilikuwa na woga. Nikatupa jicho kwako, umetulia, unatazama watu, si sisi. Nikaudhika kidogo. Ubeti wa pili ukafika kwa jina la Mama Musimbi, yule aliyetoa kiwanja. Mara mkono wako ukashuka kama mtu anayefunga mlango. Mimi nilikuwa naona tromboni ziko chini! Lakini uliniambia nisibishe. Nikamfinyia Isaiah jicho, akazamisha tromboni ndani ya blanketi mpaka mashavu yakamtoka. Jina likarudiwa, kama wimbo unavyotaka. Basi wale binti wawili wa Mama Musimbi, kule benchi la mwisho kabisa, wakasimama wote wawili. Mmoja akapiga vigelegele, mwingine akajifunika uso kwa leso. Kanisa zima likageuka kuwatazama.

Kutoka hapo tulikuwa mikononi mwako. Ukishusha, tunashuka. Ukiinua, tunapanda. Ubeti wa mwisho uliinua mikono yote miwili, nami nikawaachia wote, na Mzee Gerishon, kweli nakuambia, alikuwa anaimba macho yamefumbwa.

Umri huo na masikio hayo! Isaiah anasema, "Huyo mzee ako na masikio ya popo." Nimewaambia ndiyo sababu ulikuwa bandmasta miaka ishirini na sita. Lakini nambie, ulijuaje kutoka pale mbele kwamba jina halifiki nyuma?

Mpwa wako mwenye furaha,
Nanyama


Kimilili
13 Desemba 2023

Nanyama,

Tulifika. Kuku yuko hai na amempiga jogoo wetu. Msalimie dada yangu, mwambie nimemwona amependeza.

Umeniuliza, na sina tena mahali pa kujificha. Sikusikia kitu.

Daktari wa Bungoma aliniambia mwaka jana kwamba masikio yangu yamechakaa kwa kelele, na hayarudi. Ni ile miaka ya kusimama hatua mbili kutoka kwa tromboni, chini ya mabati, kila Jumamosi na kila Jumapili na kila matanga. Korneti zilikwenda kwanza. Siku moja nilidhani Bridgit ameacha kupuliza, kumbe mimi ndiye niliyeacha kusikia. Ndipo nikastaafu. Tromboni bado nazihisi hapa kifuani, kama lori likipita barabarani. Maneno ya watu yananifikia yakiwa uji. Kwa simu ni mngurumo tu, kwa hiyo nilikujibu mahindi. Ile kadi yako niliichomeka, nikaongeza mpaka mwisho, Anti yako akaja mbio akidhani nyumba inaanguka. Mimi niliona taa ya redio tu ikiwaka.

Nilikuwa naona haya. Bandmasta kiziwi. Heri ungesema nimewachoka, kuliko useme unanionea huruma kama wale wa "iko sawa".

Jinsi nilivyofanya ni hivi. Nilifuata mkono wako. Mkono wako ni safi, Nanyama, unasomeka, nilijua kila mahali tulipo kwenye karatasi. Jina likifika, nilitazama jamaa wake. Mtu akisikia jina la mzazi wake linaimbwa, hakai vile vile. Atageuka, atashika goti la aliye karibu. Jina la Mama Musimbi lilipopita mara ya kwanza, binti zake walikuwa wametabasamu tu, wanatazama mbele. Tabasamu hilo nalijua. Ndilo ninalolivaa mimi kanisani huku kila Jumapili. Nikajua hawajasikia, nikashusha mkono.

Walipogeuka na kusimama, niliona vinywa vya watu wote vimefunguka. Ubeti wa mwisho benchi lilitetemeka chini yangu. Najua kitu kikubwa kilipita pale, na nilikuwa ndani yake, na hakikunifikia.

Kwa hiyo nakuomba, wala usinipunguzie: ilikuwaje?

Mjomba wako,
Lusweti


Kiplombe
18 Desemba 2023

Mjomba,

Salamu zitangoja leo. Mama naye amelia, nami nimelia, sasa tumenawa nyuso na nimeketi kukujibu.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mbaya. Niliuanza haraka kwa sababu ya woga, na tuba ilibaki nyuma kama mzee anayetafuta viatu. Soprano wawili walipanda juu ya noti. Ubeti wa pili ulifunikwa mpaka uliposhusha mkono, kisha palikuwa na nafasi, Mjomba, kama vile mtu amefungua dirisha, na sauti za akina mama zikatokea katikati ya vyombo zikiwa kavu na karibu. Jina la Mama Musimbi lilisikika hadi konsonanti zake. Tromboni zilibaki chini, nene, zimelishika jina bila kulifunika. Nadhani ndivyo ulivyotaka ulipouandika.

Ubeti wa mwisho ulizidi. Nisikudanganye, Isaiah alitoka kwenye blanketi akapiga kama yuko mnadani Soy, na baritoni ilibaki chini ya noti kidogo mpaka mwisho. Bridgit aliiendea ile noti ya juu mapema kama ulivyomwambia, akaikosa, akairudia mbele ya watu, akaipata. Hukumkazia macho. Nilidhani uzee umekufanya mpole.

Ilikuwa nzuri. Haikuwa sawa, ilikuwa nzuri. Nywele zilinisimama mikononi na nikasahau kuhesabu.

Tunaanza mazoezi ya Pasaka wiki ya pili ya Januari. Nitakuandikia kila wimbo ulivyosikika, na hasa ukiwa mbaya. Wewe uje ukae benchi lile lile unitazamie watu, na safari hii usitoroke kabla ya chai.

Nanyama